Mashabiki Wamebaki, Wanachama Wako Wapi?

Mwaka 1932 vijana wa Dar es Salaam walianzisha Dar es Salaam Jazz Band. Mwaka 1935 wakaja wenzao wa Young Africans, yaani Yanga, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu iliyopitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Mji ni mmoja na kizazi ni kimoja. Hata namna ya kuanzisha vitu ilikuwa moja siku zile: watu wanakaa, wanachangishana, wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanaandika majina daftarini. Leo klabu mbili kati ya hizo zina majengo Jangwani na Msimbazi, na kila zinapokutana uwanjani familia hugawanyika. Ile ya kwanza, kaka yao, imebaki kwenye kanda za redio.

Ukiuliza barazani kwa nini, utapewa majibu yaliyozoeleka. Disko ndilo lililoua dansi. Kanda za kudurufu ndizo. Redio binafsi zilizoanza mwaka 1994 ndizo, kwa kuwa zililea bongo fleva. Wapo hata wanaosema muziki wenyewe ulizeeka pamoja na wapigaji wake. Sikatai kwamba kila moja ya hizo sababu ilitia mkono. Lakini mpira wetu nao ulikutana na televisheni, ukakutana na Ligi Kuu ya Uingereza kila Jumamosi kwenye vibanda umiza, na Yanga haikufa. Kwa maoni yangu muziki wa dansi uliumia siku ulipopoteza wanachama, na hilo lilitokea zamani sana, wakati kumbi zimejaa pomoni na wazee wetu wakidhani mambo ndiyo kwanza yamenoga.

Msomaji kijana anivumilie kidogo. Neno jazz kwenye majina ya bendi hizi halikuwa na uhusiano mkubwa na muziki wa New Orleans. Lilimaanisha bendi ya dansi, basi. Na kabla ya dansi kulikuwa na beni, ngoma ya gwaride na matarumbeta iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaenea bara yote baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikiwa na pande zake mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Anayekisoma leo atashangaa jinsi vyama vya beni vilivyokuwa zaidi ya ngoma. Vilikuwa na wafalme na maofisa wa kujipachika, vilipokea wageni waliofika mjini bila ndugu, vilisaidiana kwenye misiba. Klabu za jazz zilirithi huo mfumo kuliko zilivyorithi muziki wake, kwa sababu muziki ulikuwa unatoka kwingine: kwenye santuri za Kuba za mfululizo wa GV zilizoanza kuuzwa Afrika mwaka 1933, na baadaye kwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliorudi kutoka Burma wakiwa wameona na kusikia mengi.

Ilikuwa enzi ya vyama. African Association ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na KNCU yao mwaka 1933. Mzungu alikuwa na klabu yake, Mhindi na Mgoa walikuwa na zao, na Mwafrika aliyesoma kidogo na kupata kazi ya ukarani, ushonaji au relini naye akataka pa kwenda jioni akiwa amevaa suti. Alipokosa kukaribishwa, alijenga pake.

Kilichofanya klabu iwe klabu ni vyombo. Gitaa, tarumbeta, saksafoni, ngoma, na baadaye vikuza sauti na magitaa ya umeme, vilikuwa ghali kupita uwezo wa mpigaji mmoja. Kwa hiyo vyombo vilikuwa mali ya chama. Wanachama walitoa ada, ada ikanunua vyombo, vyombo vikapiga dansi, kiingilio cha mlangoni kikarudi chamani. Mpiga gitaa alipokosana na wenzake aliondoka na ufundi wake, gitaa likabaki kabatini likimngoja mwingine. Watu wengi kati ya hao wanachama hawakuwa wapigaji kabisa. Walikuwa watu wa kawaida waliojivunia kusema bendi ile ni yetu.

Wengi walifungamana kwa asili ya nyumbani. Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, ilikuwa ya watu wa lile lililoitwa Jimbo la Magharibi. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilikuwa na watu wa Kilwa, Rufiji Jazz wa Rufiji, Ulanga Jazz wa Ulanga. Tanga kulikuwa na Young Nyamwezi, na jina linajieleza, kwa kuwa mashamba ya mkonge yalikuwa yamejaa watu waliotoka magharibi. Baada ya uhuru Young Nyamwezi ikawa Jamhuri Jazz, bendi iliyopambana na Atomic Jazz mjini humo hadi watu wa Tanga wakawa na upande wa kuzaliwa nao. Anayezisema vibaya klabu hizi kwamba zilikuwa za kikabila asahau kidogo siasa za leo. Mtu aliyeshuka na treni kutoka Tabora bila kumjua yeyote mjini alihitaji mahali pa kuanzia, na klabu ilikuwa mahali hapo. Ukumbini hakuna aliyeulizwa kabila mlangoni. Aliulizwa kiingilio.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo haisemwi sana. Klabu kubwa zilikuwa na kikosi cha pili, B, cha vijana waliojifunza kwa vyombo vilevile wakati A wamepumzika. Kwa lugha ya leo tungesema zilikuwa na shule. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz ya Tanga, wakaenda Arusha Jazz, kisha mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya, na huko ikazaliwa Simba Wanyika na ukoo mzima wa bendi za Wanyika uliotawala Nairobi na Mombasa kwa miaka mingi. Michael Enoch aliyeiongoza Dar es Salaam Jazz miaka ya 1960 aliishia Mlimani Park akiitwa Ticha, na si kwa mzaha. Mtu wa namna hiyo hatokei hewani. Analelewa mahali, kisha naye analea.

Nikitakiwa kuchagua mji mmoja wa kueleza habari yote hii, nitachagua Morogoro, na watu wa Tanga na Tabora watanisamehe. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika pale mwaka 1907. Mji ulikuwa mdogo, umeegemea milima ya Uluguru, umezungukwa na mkonge. Mwaka 1944 ikaanzishwa Morogoro Jazz Band. Miaka minne baadaye kijana aliyeitwa Salum Abdallah, mzaliwa wa palepale, mwaka 1928, akaanzisha La Paloma, na mwaka 1952 bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo alitoroka nyumbani akitaka kupanda meli kwenda Kuba, akaishia Mombasa. Simulizi iwe ya kweli au ya kunogesha, inamfaa: hakuna aliyeifanya rumba ya Kuba izungumze Kiswahili safi kuliko SAY, kama walivyomwita kwa herufi za Salum Abdallah Yazidu. Wimbo wake Ngoma Iko Huku ni mwaliko na majigambo kwa pamoja. Muziki huko kwingine mnautafuta wa nini?

Mji mdogo ukawa na bendi mbili ambazo nchi nzima ilizitazama. Ushindani ulikuwa mkali, na watu wazima waliokulia Morogoro wakati huo wanaweza mpaka leo kukuambia nyumba ipi ilikuwa ya upande upi. Novemba 1965 Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari. Wengi waliamini Cuban Marimba itazikwa pamoja naye. Haikuzikwa. Juma Kilaza alichukua uongozi na bendi ikaendelea kurekodi na kujaza kumbi kwa miaka mingine. Mwaka huohuo wa 1965, upande wa pili wa mji, Morogoro Jazz ilimpokea kijana wa miaka 21 aitwaye Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa Juni 1944, mwaka ambao klabu aliyojiunga nayo ilianzishwa. Yaani Mbaraka, ambaye leo tunamtaja kana kwamba ndiye aliyeivumbua Morogoro Jazz, aliikuta ina umri wake, ina jina, ina vyombo, ina watu.

Mwaka 1970 serikali ilipotaka bendi ya kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, Japani, ilienda Morogoro Jazz. Bendi ya mji wa mkonge ikapiga mbele ya dunia. Miaka mitatu baadaye Mbaraka aliondoka na kuunda bendi yake, iliyokuja kujulikana kama Super Volcano. Nyimbo zake zikatoka Polygram ya Nairobi, na Shida ikapigwa kila kona ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Januari 1979, naye, kama Salum, akafa kwa ajali ya gari, Mombasa.

Hapa mtu makini ataninyooshea kidole. Kama klabu ilikuwa imara kiasi hicho, mbona Morogoro Jazz haikuwahi tena kufikia kilele chake baada ya Mbaraka kuondoka? Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba mwaka 1973 haukuwa mwaka 1952. Kufikia hapo santuri za Nairobi zilikuwa zimemfanya mwimbaji kuwa mkubwa kuliko chama chake, na jambo kubwa zaidi lilikuwa limeshatokea Dar es Salaam miaka tisa kabla.

Januari 1964 jeshi liliasi. Baada ya maasi yale serikali ililivunja shirikisho la vyama huru vya wafanyakazi, TFL, ikaunda chama kimoja, NUTA. Mwaka huohuo NUTA ikaanzisha bendi. Sijui kama wakati ule kuna aliyeona uzito wa mambo hayo mawili kufuatana. Chama ambacho chenyewe kilizaliwa kwa kufuta vyama vya hiari kilianzisha bendi kwa kuchota wapigaji kutoka klabu za hiari. Muhiddin Maalim Gurumo, ambaye tayari alikuwa amepita Rufiji Jazz na Kilwa Jazz, alikuwa mmoja wao. Nani angekataa? Kwa mara ya kwanza mpiga muziki wa dansi alipewa mshahara wa mwisho wa mwezi, kama karani. Aliyekuwa akipiga usiku na kushona nguo mchana sasa aliweza kuishi kwa gitaa. Mama mwenye nyumba alianza kumwamini.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Mwalimu Nyerere, kwenye hotuba yake ya Jamhuri ya Desemba 1962 alipotangaza Wizara ya Utamaduni, alisikitika kwamba vijana wanaijua rumba na chachacha kuliko ngoma za wazee wao. Haikupita hata miaka miwili, chombo cha dola kikawa kinalipa mishahara ya wapiga rumba. Wenyewe wakaiita msondo, jina la ngoma, na mambo yakaenda vizuri kwa kila mtu.

Baada ya NUTA mlango ulifunguka. Polisi wakawa na Polisi Jazz, jeshi likawa na Mwenge Jazz, JKT Kimulimuli. Umoja wa vijana wa TANU ukaanzisha Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, na hata mabasi ya UDA yakawa na bendi. Mwaka 1978 kampuni ya umma ya usafiri na teksi ilianzisha Mlimani Park Orchestra kwa kumchukua Gurumo na wenzake kutoka bendi ileile ya wafanyakazi, ambayo sasa iliitwa Juwata. Mwaka 1983 DDC, kampuni ya maendeleo ya jiji, ikaichukua Mlimani Park. Miaka miwili baadaye mfanyabiashara aliyemiliki Orchestra Safari Sound akamchota Gurumo kutoka DDC kama alivyokuwa amechotwa kutoka Juwata. Mzee Gurumo alirudi Msondo mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kubaki huko hadi karibu na mwisho. Alifariki Aprili 2014.

Sitaki mtu aseme nabeza enzi hizo. Sidhani kama nchi hii imewahi kutoa muziki bora kuliko ule uliotoka kati ya mwaka 1970 na 1990. Msondo na Sikinde, kama Mlimani Park ilivyoitwa, zilipokutana, walioshindwa kuingia walisikiliza barabarani. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na mtu mwenye masikio aliweza kuutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa: Saboso ya Western, Kiweke ya Atomic, Segere Matata ya Tabora Jazz, Toyota ya Jamhuri, Pambamoto ya Vijana, Chakachua ya Urafiki. Watoto walikwenda bugi la mchana kwenye ukumbi wa DDC Kariakoo au wa Amana, wakubwa wakaja usiku. Bendi zilipiga siku nne au tano kwa wiki, na mazoezi yalikuwa kazini, saa za kazi. Ukimlipa mtu mwenye kipaji ili afanye mazoezi kila siku kwa miaka kumi, utapata mwimbaji kama Bitchuka.

Lakini hebu tuulize vyombo vilikuwa vya nani. Vilikuwa vya shirika. Jina la bendi lilikuwa la shirika pia, ndiyo maana Nuta ikawa Juwata mwaka 1977 na OTTU mwaka 1991 bila mpiga gitaa hata mmoja kuulizwa. Mtu aliyejaza ukumbi kila Jumapili hakuwa mwanachama wa kitu chochote. Alilipa kiingilio, akacheza, akatoa jasho, akaenda kulala. Alikuwa shabiki. Shabiki anapenda kwa moyo wote na hana mamlaka yoyote. Hakuna mkutano mkuu anaoweza kuitisha, hakuna hesabu anayoweza kudai isomwe, na siku shirika likiamua kufunga bendi, atasikia kwa jirani.

Nazo zile klabu za zamani zilikufa polepole bila mtu kuzipigia mbiu. Kilwa Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz: wapigaji wao wazuri walifuata mishahara, vikosi B vikakosa wa kuwafundisha, wanachama wakaona hakuna haja ya kulipa ada ya kununua vyombo wakati serikali inanunua. Huo ndio mpango uliopita kwenye nyanja nyingine pia. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika vya wakulima, KNCU ikiwemo, kwa imani kwamba mashirika ya umma yangefanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ilipobadili mawazo miaka ya 1980 na kutaka ushirika urudi, tabia ya watu kukutana, kuchangishana na kusimamiana ilikuwa imeshakatika. Unaweza kurudisha sheria kwa siku moja bungeni. Tabia hairudi hivyo.

Mashirika yalipoanza kuyumba, bendi zikawa mzigo wa kwanza kutupwa. Fedha za kigeni za kununulia nyuzi na vikuza sauti hazikuwapo. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977 hadi 1983, kwa hiyo njia ya studio za Nairobi na viwanda vyake vya santuri ilikuwa ngumu, na Tanzania haikuwa na kiwanda chake. Kilichobaki ni Radio Tanzania, iliyorekodi kila bendi, ikakagua mashairi yake, ikalipa kidogo na kuhifadhi kanda. Zilipofika sera za soko na meneja akaulizwa bendi inaingiza nini, jibu lilikuwa halipo. UDA Jazz haipo. Bima Lee haipo. Urafiki haipo. Msondo ilinusurika kwa sababu wapigaji wenyewe waliishikilia, yaani kwa kurudi, bila kusema hivyo, kwenye kitu kinachofanana na klabu.

Sasa turudi Jangwani na Msimbazi. Serikali iliyataka majina ya kigeni yabadilike, yakabadilika. Ilileta viongozi, ikaondoa viongozi, ikaingilia chaguzi. Lakini hakuna shirika lililowahi kuimiliki Yanga au Simba kama Bima ilivyoimiliki Bima Lee. Majengo yalibaki ya wanachama. Kadi zilibaki. Wanachama wanagombana mpaka polisi wanaitwa, na mimi nasema ugomvi huo ndio uhai wenyewe, kwani mtu hagombanii kisicho chake. Hata leo klabu hizi zinapoingia kwenye mfumo wa hisa na matajiri wanapobisha hodi, mjadala mzima unazunguka kwenye asilimia 51 ya wanachama na 49 ya wawekezaji. Mwanachama anahesabiwa. Mwaka 1964 hakuna aliyehesabu asilimia za wanachama wa Kilwa Jazz.

Sizipambi klabu hizo za jazz kwa maua zisiyoyastahili. Zilikuwa za wanaume, kwanza. Wanawake walikuja kucheza, na sauti zao zilisikika zaidi kwenye lelemama, taarabu na ngoma nyingine kuliko jukwaani na bendi. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma ya bomba kabla hajawa kiongozi wa wanawake wa TANU, na ni kupitia vikundi vya namna hiyo ndipo alipowafikia wanawake wa Dar es Salaam kwa maelfu. Klabu ya jazz haikumpa nafasi hiyo. Pia kulikuwa na viongozi waliokaa na ufunguo wa kabati la vyombo kama urithi wa baba yao, na mpigaji aliyefanya kazi usiku kucha akaondoka na nauli. Mshahara wa NUTA ulivutia kwa sababu klabu zilikuwa zinalipa vibaya. Hilo tulikubali. Dawa ilikuwa kuzisaidia zilipe vizuri, kwa mikopo ya vyombo, kwa kumbi za manispaa zenye kodi nafuu, kwa malipo halali ya redio. Tulichofanya ni kuwanunua wapigaji na kuziacha klabu zife.

Matokeo yake tunayaona. Ukitaka kumsikia Salum Abdallah kwa sauti iliyosafishwa na kijitabu chenye maelezo, diski ilitolewa Ujerumani na Dizim Records. Ukitaka Atomic na Jamhuri za miaka ya 1960, zimo kwenye mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa. Wazungu wale wamefanya kazi nzuri na ninawashukuru. Lakini mkazi wa Kihonda au Mwembesongo, mwenye mji wake, anamsikiliza SAY kupitia mtu asiyemjua aliyepandisha wimbo YouTube ukiwa na mikwaruzo. Kanda za Radio Tanzania zimo mikononi mwa TBC. Wajukuu wa wapigaji wanasikia babu zao wakipigwa Jumapili mchana kwenye vipindi vya zilipendwa, na hakuna chama cha kuwasemea, kwa sababu mwenye haki ya kuuliza, yaani klabu, alishakufa bila kuacha hati.

Tunapowakumbuka watu hawa, tunawakumbuka mmoja mmoja. Tamasha la kumuenzi fulani, fulana yenye picha yake, hotuba ya mgeni rasmi. Sina ubaya nalo, ila linaendeleza kosa lilelile la kudhani muziki uliletwa na mtu mmoja mwenye kipaji kutoka mbinguni. Mbaraka aliletwa na Morogoro Jazz iliyokuwepo miaka 21 kabla hajaigusa. Anayetaka Mbaraka mwingine aanze na kujenga kinachomlea.

Kwa hiyo maombi yangu hayaendi wizarani safari hii. Msondo ilitimiza miaka 60 mwaka 2024. Ina watu wanaoijua tangu utoto wao, wengine wastaafu wenye pensheni, wengine wafanyabiashara, wengine wako Muscat, London na Minneapolis. Ifungue daftari la wanachama, ada iwe ndogo, mkutano mkuu ufanyike mara moja kwa mwaka, hesabu zisomwe, vyombo viandikwe kwa jina la chama, na kiwepo kikosi B chenye wasichana na wavulana. Sikinde wafanye vivyo hivyo, maana hawa watani hawajawahi kukubali kupitwa. Wakifanya, watapata matatizo yote ya Yanga na Simba, na maisha yao pia.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa Morogoro, Tabora, Tanga, Kilwa au Dar es Salaam: kama marehemu baba au babu yako alikuwa mwanachama wa klabu ya jazz, fungua lile sanduku lake. Kadi ya uanachama, daftari la ada, picha ya bendi yenye majina nyuma, barua ya kukaribishwa dansini, santuri iliyovunjika kona, vyote hivyo ni ushahidi wa nani alimiliki nini. Usivichome na usimuuzie mpita njia. Vipige picha, andika majina unayoyajua, kisha vipeleke Makumbusho ya Taifa au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na udai stakabadhi.